Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Riwaya Pendwa na Hukumu ya Wasioisoma

Utangulizi

Katika idara za Kiswahili za vyuo vikuu vya Kenya kuna hukumu ambayo hutolewa mara kwa mara bila shahidi kuitwa. Mwanafunzi wa uzamili huleta pendekezo la utafiti kuhusu riwaya za Elvis Musiba au za Ben Mtobwa, na kabla ukurasa wa pili haujafunguliwa huulizwa kama hakupata riwaya “nzito” ya kushughulikia. Aghalabu anayeuliza hajazisoma riwaya zinazohusika. Anazijua kwa majina, kwa majalada yenye bastola na wanawake, na kwa aya mbili tatu alizozikuta katika vitabu vya uhakiki, ambamo riwaya hizo hutajwa ili zikataliwe. Mwanafunzi hurudi maktabani, akachagua riwaya ambayo imekwisha kuandikiwa tasnifu kadha wa kadha, na mambo yakaendelea kama yalivyokuwa.

Makala haya yanaipinga hukumu hiyo. Hayadai kwamba riwaya pendwa zote ni bora, wala kwamba wingi wa wasomaji ni ushahidi wa ubora. Yanadai jambo dogo zaidi, na kwa sababu hiyo gumu zaidi kulikwepa: kwamba mgawanyo wa riwaya ya Kiswahili katika “dhati” na “pendwa”, kama unavyotumika madarasani, umekuwa kibali cha kutosoma. Msomaji anayezijia riwaya hizi kwa mara ya kwanza, akiwa mgeni asiye na deni kwa yeyote, huyaona mambo ambayo wenyeji wa taaluma wameyafumbia macho. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika suala hili mwenyeji ni mgonjwa kweli.

Majina yasiyokaa kwenye mizani moja

Yafaa kuanza na majina yenyewe. Neno “pendwa” linaeleza jambo kuhusu wasomaji: kwamba kazi fulani wameipenda. Neno “dhati” linaeleza jambo kuhusu kazi yenyewe: kwamba ina uzito wa ndani na kwamba mwandishi amekusudia anachokisema. Kinyume cha pendwa ni isiyopendwa; kinyume cha dhati ni ya juujuu. Riwaya yaweza kuwa ya dhati na ikapendwa. Yaweza pia isiwe ya dhati na isipendwe na mtu, na kila aliyewahi kusoma miswada ya mashindano anazijua kazi za namna hiyo. Kuyafanya maneno haya kuwa vyungu viwili, kila riwaya ikalazimika kutiwa katika kimoja, ni kosa la mantiki ambalo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angesahihishwa kwa wino mwekundu.

Kosa hilo limezaa kichekesho katika historia ya riwaya. Mohamed Said Abdulla huheshimiwa kama mmoja wa waasisi wa riwaya ya kisasa ya Kiswahili. Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda mashindano ya uandishi ya East African Literature Bureau ya 1957/58, ikachapishwa 1960, na mhadhiri huifundisha kama hatua kubwa ya nathari ya Kiswahili kutoka katika hekaya. Lakini Mzimu wa Watu wa Kale ni riwaya ya upelelezi. Ina mauaji, ina mpelelezi mwenye kiko, ina rafiki wa mpelelezi ambaye kazi yake ni kushangaa, na ina ufumbuzi mwishoni. Kila sifa inayotumiwa kumfukuza Faraji Katalambulla imo ndani yake. Baba anasifiwa, wana wanakanwa, na hakuna anayeulizwa ni wapi nasaba ilipokatika.

Aidha, Simu ya Kifo ya Katalambulla (1965) na Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi (1971) zilitoka katika nyumba moja ya uchapishaji, ile ile East African Literature Bureau. Rosa Mistika ilipigwa marufuku katika shule za Tanzania kwa kile kilichoonekana kuwa uchafu wake, yaani kwa shtaka lile lile ambalo hadi leo hubandikwa kwenye riwaya pendwa. Leo inafundishwa vyuoni kama nguzo ya riwaya ya Kiswahili, na inastahili. Kilichobadilika hapo katikati ni wasomaji, ambao hatimaye waliisoma. Riwaya yenyewe haikubadilishwa hata nukta.

Mgeni anapofungua kitabu

Na achukuliwe msomaji ambaye mfano wake hupatikana katika kila darasa la uzamili. Amemsoma Kezilahabi hadi Nagona, amemsoma Said Ahmed Mohamed, ameisoma Kuli ya Shafi Adam Shafi. Hajawahi kumfungua Abdulla wala Musiba wala Mtobwa. Anaketi navyo kwa mara ya kwanza, akiwa ameonywa kwamba atakutana na kitu kimoja kilichorudiwarudiwa chini ya majalada tofauti. Anachokutana nacho kinaikanusha ahadi hiyo mara tatu.

Mshangao wake wa kwanza, kwa Abdulla, ni mwendo wa pole. Alitarajia mbio, anakuta mazungumzo. Bwana Msa hakimbizi mtu. Anakaa, anavuta kiko, anauliza, anamwacha msemaji ajifunge kwa ulimi wake, na Najum anaye pembeni akihitimisha kila jambo kombo. Abdulla alikuwa mhariri wa magazeti huko Unguja, na baadaye wa jarida la Mkulima, na nathari yake ina subira ya mtu aliyezoea kusikiliza watu wa rika na nyadhifa mbalimbali. Lugha yenyewe, yenye misemo na utani wa Kiunguja, ndiyo uwanja wa upelelezi: mkosaji hujulikana kwa namna anavyosema kabla hajajulikana kwa alichotenda. Fauka ya hayo, katika Mzimu wa Watu wa Kale upelelezi unapambana na imani. Mahali ambapo jamii iko tayari kuinyamazia maiti kwa kuwaachia wahenga lawama, Bwana Msa anashikilia kwamba aliyeua ni binadamu mwenye sababu za kibinadamu. Mhakiki akikuta mgongano wa mantiki na jadi katika riwaya iitwayo ya dhati, huuandikia sura nzima. Hapa umekaa tangu 1960 ukiitwa burudani.

Mshangao wa pili, kwa Musiba, ni siasa. Mgeni alikuwa ameambiwa kwamba Willy Gamba ni James Bond aliyepakwa rangi nyeusi. Anafungua Kufa na Kupona (1974) na kukuta kwamba kisa kizima kinategemea nyaraka za siri za harakati za ukombozi wa Afrika. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake Dar es Salaam tangu 1963 hadi 1994, na riwaya ilipotoka Msumbiji na Angola zilikuwa bado hazijapata uhuru. Katika Kikosi cha Kisasi (1979) mapambano hayo hayo yanamfikisha Gamba Kinshasa, mwaka mmoja kabla ya uhuru wa Zimbabwe. Bond wa Ian Fleming, aliyeanza kazi mwaka 1953, alilinda heshima ya dola iliyokuwa ikipoteza makoloni. Gamba anatumia bastola hiyo hiyo kuwalinda wanaoyachukua makoloni. Kuchukua umbo la adui na kuligeuzia mdomo upande wa pili si mwigo mtupu, na mhakiki anayesema ni mwigo analazimika kueleza ni kitu gani kilichoigwa na ni kipi kilichopinduliwa.

Msomaji wa Kenya ana sababu ya ziada ya kushtuka. Katika Kufa na Kupona safari ya Gamba ni ya kuja Nairobi. Mji ambao mgeni anaujua kwa matatu zake na foleni za benki unamjia kwa jicho la Mtanzania wa miaka ya sabini: mji wa fedha, wa hoteli, wa siri zinazouzwa. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka ukafungwa, usifunguliwe hadi 1983. Wanahistoria wameandika kuhusu ushuru, ndege na reli zilizogombaniwa. Namna wananchi wa kawaida walivyokuwa wakiiwazia nchi jirani, shaka na tamaa zikiwa zimechanganyika, imehifadhiwa katika riwaya ambayo maktaba nyingi hazikuona haja ya kuinunua.

Hata hivyo mgeni huyo huyo, akiwa mwaminifu, ana jingine la kusema, na hapa ndipo thamani yake inapozidi ile ya mtetezi wa kulipwa. Gamba anamkera. Anaitumikia serikali iliyotangaza Azimio la Arusha mwaka 1967, nayo maisha yake ni ya hoteli kubwa, vinywaji na starehe. Wanawake humwangukia kana kwamba wameandikiwa, na wengi wao huingia katika hadithi ili watamaniwe, watumiwe, kisha wasahauliwe. Ni kasoro ya kweli, ya kifani na ya kimaadili, na haifutwi na uzalendo wa msuko. Lakini nani ameieleza? Mhakiki aliyeikataa riwaya bila kuisoma hakuweza kuiona kasoro hiyo mahali pake, wala kuuliza kwa nini msomaji wa nchi ya ujamaa, anayepanga foleni ya sukari, alimpenda shujaa anayekula vya wakubwa. Swali hilo lina uzito kuliko matamko mengi kuhusu “kasumba”, na halijibiki bila kitabu mkononi.

Mshangao wa tatu ni wa Mtobwa. Huyu alizaliwa Kigoma, na Dar es Salaam Usiku (1990) ilichapishwa Nairobi. Ni mmoja wa waandishi waliovuka mpaka wakati ambapo vitabu vilivuka kwa shida kuliko mitumba. Mgeni aliyemzoea Joram Kiango katika riwaya kama Tutarudi na Roho Zetu?, ambamo adui ni utawala wa makaburu, anakuta katika Dar es Salaam Usiku mhusika mkuu wa aina nyingine, yaani jiji lenyewe saa ambazo wenye heshima wamelala. Hasira iliyomo dhidi ya pesa inayonunua miili haipungui ile ya waandishi ambao wahakiki wamewapamba kwa jina la uyakinifu. Tofauti ni kwamba Mtobwa haisitishi hadithi ili amhubirie msomaji. Iwapo hilo ni udhaifu au ni nguvu, linafaa kujadiliwa, halifai kudhaniwa.

Hoja za wanaokataa

Wanaozikataa riwaya hizi wana hoja tatu, na haki inadai zijibiwe zote.

Ya kwanza ni mwigo. Inasemwa kwamba upelelezi na ujasusi ni miche ya kigeni. Anayesema hivyo amesahau jinsi nathari ya Kiswahili Sanifu ilivyoingia shuleni. Tangu mwisho wa miaka ya ishirini watoto walipewa tafsiri kama Mashimo ya Mfalme Sulemani ya Rider Haggard, na Haggard kwao Uingereza hakuwa lolote ila mwandishi pendwa wa visa vya kusisimua. Riwaya kama umbo ilikuja na meli ile ile. Kama ugeni wa chanzo ni hatia, basi Kichwamaji nayo isimame kizimbani pamoja na walimu wake wa Ulaya waliofundisha kwamba maisha hayana maana. Isitoshe, kilichopandwa kilikuta udongo. Jamii iliyolea vitendawili na mafumbo, ambamo mshairi humtupia mwenziwe fumbo na hadhira ikangoja lifumbuliwe, haikuhitaji mgeni aje kuifundisha utamu wa taharuki.

Ya pili ni kurudiarudia. Inasemwa kwamba msuko unatabirika na wahusika ni bapa. Ni kweli. Lakini wahakiki hao hao wanapofika kwenye fasihi simulizi husifu ngano ambazo Sungura hushinda kila siku, na tendi ambazo mashujaa wake huvaa, huapa na hupigana kwa mpangilio unaojulikana tangu ubeti wa kwanza. Huko wanauita mpangilio huo kanuni ya utanzu. Huku wanauita umaskini wa ubunifu. Mwaka 1968, Ngũgĩ wa Thiong’o, Owuor Anyumba na Taban lo Liyong walipodai katika Chuo Kikuu cha Nairobi kwamba fasihi ya Waafrika iwekwe katikati, hoja yao iliifungulia fasihi simulizi mlango. Ni ajabu kwamba taaluma iliyofaidika na mlango huo imeufunga mbele ya simulizi za watu zilizochapwa kwenye karatasi nafuu.

Ya tatu ni maadili: damu na kitanda. Hoja hii haiwezi kutumika upande mmoja tu. Rosa Mistika ina ulevi wa mapenzi, utoaji mimba na kujiua. Dunia Uwanja wa Fujo (1975) inaishia kwa risasi na hukumu ya kifo. Itajibiwa kwamba huko mambo hayo yana sababu. Vyema; basi kipimo ni sababu, wala si damu, na sababu haijulikani ila kwa kusoma.

Nao waandishi wa riwaya za dhati hawakungoja ruhusa ya wahakiki. Petals of Blood ya Ngũgĩ (1977) inaanza na mauaji na mpelelezi anayekusanya ushahidi. Walenisi ya Katama Mkangi (1995) inamrusha mhusika wake hadi ulimwengu mwingine kwa chombo ambacho hakingeshangaza mpenzi yeyote wa visa vya anga. Umbo pendwa likitumiwa na mwandishi mwenye cheo huitwa ujasiri wa kifani. Likitumiwa na mwenye nalo huitwa upungufu.

Msomaji wa hiari na msomaji wa mtihani

Kuna jambo ambalo halisemwi kwa sauti katika semina. Tangu mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 na Kiswahili kikawa somo la lazima la mtihani, riwaya ya Kiswahili nchini Kenya imeishi kwa kuegemea orodha ya vitabu teule. Riwaya ikiteuliwa, inauzwa; ikiondolewa, hufifia. Wengi wa wasomaji wake ni vijana wanaosoma na kalamu mkononi wakitafuta maudhui, wahusika na tamathali za usemi, kisha wakaifunga wasiifungue tena. Hakuna haya katika hilo; mwalimu ana kazi yake. Haya ipo katika kumdharau karani, dereva au mwuguzi aliyetoa pesa yake mwenyewe kununua Musiba, akamsoma bila kutumwa, akamwazima jirani hadi jalada likang’oka. Huyo ndiye msomaji ambaye kila mwandishi wa Kiswahili anadai kumtafuta. Alipopatikana, wahakiki waliona aibu kwa sababu ya kitabu alichokuwa amekishika.

Mtaalamu Rajmund Ohly alitoa mwaka 1981 kitabu kizima kuhusu nathari hii ya miaka ya sabini, akaipa jina linaloashiria uchokozi wake. Mtu aweza kukubaliana naye au asikubaliane, lakini alisoma. Bahati mbaya kitabu hicho, na vingine vichache vilivyofuata, vimegeuzwa kuwa mbadala wa riwaya zenyewe: mhakiki hunukuu aliyesoma, na anayemfuata humnukuu aliyenukuu.

Kosa la upande wa pili

Isidhaniwe kwamba dawa ni kugeuza hukumu. Wapo, hasa miongoni mwa watafiti vijana waliosoma nadharia za utamaduni, wanaoikumbatia riwaya pendwa kwa sababu ni pendwa, wakaita kila ukurasa wake sauti ya umma. Hao nao hawasomi. Wamebadilisha kibandiko tu. Ziko riwaya za kijasusi zilizoandikwa kwa haraka, zenye makosa ya msuko ambayo mtoto angeyaona, na zenye chuki kwa wanawake isiyo na la kuikomboa. Kumsifu Mtobwa na mwigaji wake wa kumi kwa pumzi moja ni kumtukana Mtobwa. Umma una haki ya kupata wahakiki watakaowaambia kipi kizuri na kipi kibaya katika kile wanachokipenda, na kwa nini. Heshima kwa msomaji ni hiyo.

Hitimisho

Muda hauko upande wa taaluma. Mohamed Said Abdulla alifariki 1991, Mtobwa 2008, Musiba 2010. Mengi ya maswali ambayo wangeweza kujibu hayana tena wa kuyajibu. Vitabu vyao vilichapwa kwenye karatasi isiyodumu, vikanunuliwa na watu wasio na kabati za vioo, na maktaba za vyuo hazikuvikusanya kwa kuwa wahadhiri hawakuviagiza. Baadhi sasa husomwa katika nakala zilizochapwa upya na mashabiki, ambazo hakuna mtaalamu aliyezilinganisha na matoleo ya kwanza. Siku mhakiki atakapokuwa tayari kuandika historia kamili ya riwaya ya Kiswahili, huenda akakuta kwamba robo yake imeliwa na mchwa, na kwamba waliowafungulia mchwa mlango ni watangulizi wake.

Yanayotakiwa si makubwa. Wakutubi waombwe kutafuta matoleo ya awali yangali yakipatikana. Kozi ya riwaya ya Kiswahili isimfundishe Abdulla kama tarehe ya 1960 pekee. Imfundishe kama mwandishi wa upelelezi, pamoja na waliomfuata. Na mwanafunzi aletapo pendekezo kuhusu Willy Gamba au Joram Kiango, swali la kwanza atakaloulizwa liwe lile ambalo angeulizwa kuhusu riwaya yoyote nyingine: umeona nini humo? Lakini swali hilo lina sharti lake. Anayeuliza naye awe ameisoma.